Ruzuku kwa asasi kiongozi: kisa cha vikundi 14 vya mwambao

Kisa hiki kimetoka wilaya moja ya mwambao wa Tanzania Bara, kati ya 2021 na 2024. Majina ya mfadhili, asasi, vikundi na watu yameondolewa, viwango vya fedha pia, na mambo madogo kadhaa yamebadilishwa ili mtu asitambulike. Niliitwa kufanya tathmini ya kati ya mradi, kisha nikaombwa kusaidia kuuandika upya mkataba. Nakiandika kwa wafadhili wanaotafuta mshirika wa kupitishia ruzuku, kwa asasi za wilaya na mikoa zinazopewa kazi hiyo, na zaidi kwa viongozi wa vikundi ambao husainishwa karatasi bila kuoneshwa mkataba mkuu unasema nini.

Usuli

Mfadhili alikuwa mfuko mdogo wa familia kutoka Ulaya. Kwa miaka kadhaa mfuko huo ulitoa ruzuku moja kwa moja kwa vikundi vichache, kila kimoja kwa andiko lake la kuomba fedha na ripoti yake. Kazi ikawaelemea. Ofisi yao ina watu wachache, hakuna anayesoma Kiswahili, na vikundi vyenyewe havikuwa na mtu wa kuandika ripoti kwa Kiingereza. Wakaamua kutafuta asasi moja ya Kitanzania, waipe fedha za miaka mitatu, nayo ivilee vikundi 14 katika kata tano. Ndiyo iliyoitwa mshirika kiongozi.

Uamuzi huo ulikuwa na mantiki. Kikundi cha kijamii kilichosajiliwa halmashauri hakina majukumu sawa na asasi iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya 2002. Asasi ina ada ya mwaka, taarifa ya mwaka kwa Msajili na hesabu za kukaguliwa. Kanuni zilizotolewa 2018 zinaitaka pia iwasilishe kwa Msajili na Hazina mkataba wowote wa fedha zinazozidi shilingi milioni 20, ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Kikundi cha akina mama wanaolima mwani hakiwezi kuubeba mzigo huo, wala hakina sababu ya kuubeba.

Vikundi vyenyewe vilikuwa vya namna nyingi. Vingi vilikuwa vya kuweka na kukopa, vile vya sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu. Viwili vilikuwa vya wanawake wa mwani. Kulikuwa na kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi, wale ambao wavuvi wanawaita BMU, kikundi cha watu wenye ulemavu, na kikundi cha wahudumu wa afya wa kujitolea ambao wengi wao walianza enzi za kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI majumbani. Asasi kiongozi nayo ilizaliwa katika kazi hiyohiyo ya majumbani, ndiyo maana ilichaguliwa: watu waliijua na waliiamini.

Mkataba wa kwanza ulikuwa na vifungu vitatu vilivyokuja kuamua kila kitu. Kwanza, mafanikio yangepimwa kwa idadi ya waliopata mafunzo, idadi ya katiba zilizoandikwa upya na idadi ya vikundi vyenye akaunti benki. Pili, sehemu ya fedha iliyoruhusiwa kwa gharama za uendeshaji wa asasi ilikuwa ndogo kiasi kwamba haikutosha hata mshahara wa mhasibu. Tatu, shilingi yoyote itakayopotea kwenye kikundi chochote ingerejeshwa na asasi kiongozi kutoka mfukoni mwake. Vikundi havikuwahi kuviona vifungu hivyo.

Mwaka wa kwanza: semina

Mafunzo yalifanyika makao makuu ya wilaya, kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni. Kila kikundi kilileta mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Walilipwa nauli na posho, walikula chakula cha mchana, walijaza daftari la mahudhurio na kupigwa picha. Mada zilikuwa nzuri: utawala bora, utunzaji wa fedha, uandishi wa maandiko ya mradi. Mwalimu alitoka mjini na alijua kazi yake.

Ila ratiba ilipangwa ofisini. Wanawake wa mwani hufanya kazi maji yanapotoka sana, siku za bamvua, mwezi ukiandama na unapopevuka. Siku hizo ndizo za kupanda, kufunga mbegu na kuvuna, na mtu akizikosa anangoja karibu wiki mbili. Semina mbili kati ya nne ziliangukia bamvua. Akina mama wakatuma vijana wao waliomaliza shule kwenda kusaini na kupokea posho. Hakuna aliyewaambia ofisini kwa nini, kwa sababu hakuna aliyeuliza. Watu wenye ulemavu walipewa ukumbi wa ghorofani, na hapakuwa na mkalimani wa lugha ya alama kwa wanachama wao wawili viziwi.

Katiba 14 ziliandikwa upya ndani ya miezi mitatu. Nilizisoma zote. Zilikuwa katiba moja, imebadilishwa jina juu tu, na kwenye ibara ya kufukuza wanachama jina la kikundi cha kwanza lilibaki ndani ya katiba za wenzake. Kikundi cha BMU, ambacho muundo na majukumu yake yanatokana na sheria na kanuni za uvuvi, kilikuwa na katiba isiyotaja samaki.

Ripoti ya mwaka ilionesha malengo yote yamevukwa.

Fedha zilivyokaa juu

Sehemu kubwa ya bajeti ilitajwa kuwa ya ruzuku ndogo kwa vikundi. Kwa vitendo, asasi kiongozi ilinunua vitu na kuvigawa. Mkurugenzi wake alinieleza sababu waziwazi, nami naona alisema kweli: kwa kifungu kile cha tatu, mweka hazina mmoja akitoroka na ruzuku, asasi ingelazimika kuuza pikipiki zake kulipa. Kwa hiyo walishika fedha, wakatafuta bei tatu, wakanunua kwa stakabadhi halali na kusainisha vikundi hati za kupokea mali. Kwa mkaguzi, hesabu zilikuwa safi kabisa.

Kwa vikundi mambo yalikuwa mengine. Wanawake wa mwani waliletewa kamba za unene wasioutumia, kwa sababu mnunuzi hakujua tofauti. Kikundi cha watu wenye ulemavu kiliomba cherehani, kikaletewa mashine ambayo hakuna fundi wilayani anayeitengeneza. Walipolalamika, jibu lilikuwa kwamba mchakato wa manunuzi umekwisha. Na jambo moja lilikua taratibu bila kusemwa: wanachama wakaanza kuviita vitu hivyo mali ya asasi. Baiskeli ya wahudumu wa afya ilipoharibika waliipeleka ofisi ya asasi kutengenezwa, na ilikaa pale miezi.

Fedha za uendeshaji nazo zilipatikana kwa njia ambayo kila anayefanya kazi hii anaijua. Kwa kuwa mshahara wa mhasibu haukuruhusiwa kwenye bajeti, mhasibu aliwekwa kama mwezeshaji wa mafunzo ya fedha, na mkurugenzi kama mwezeshaji wa utawala bora. Semina ndizo zilizokuwa zikilipa mishahara. Ndiyo maana semina hazikuweza kupungua hata baada ya afisa wa uwandani kusema kwamba hazisaidii.

Andiko lililogongana

Mwanzoni mwa mwaka wa pili mfadhili mwingine alitangaza ruzuku ndogo kwa vikundi vya kijamii vya pwani. Kikundi kimoja cha mwani na BMU wakakubaliana kuomba pamoja: BMU walinde eneo, akina mama wapate vichanja vipya vya kuanikia. Wakaenda kwa mtendaji wa kata kuomba barua ya utambulisho. Mtendaji akashangaa, maana wiki iliyotangulia alikwisha kuandika barua kwa ombi hilohilo, la asasi kiongozi. Ndani ya andiko hilo vikundi vyote 14 vilitajwa kama wanufaika, pamoja na idadi ya wanachama wao na picha zao za semina. Hakuna kikundi kilichoulizwa.

Kilichofuata hakikuwa na kelele. Vikundi vitatu viliacha kuhudhuria vikao. Mwenyekiti wa kikundi cha mwani, mama mtu mzima anayeheshimiwa kijiji kizima, alirudisha kamba alizopewa hadi mlango wa ofisi na kuomba asainiwe kwamba amezirudisha. Afisa maendeleo ya jamii wa kata akaitisha kikao, na taarifa yake ndiyo iliyomfikia mfadhili na kusababisha tathmini.

Uamuzi uliofanywa, na sababu

Kulikuwa na njia nne mezani. Mfadhili angeweza kuvunja mkataba, kurudi kwenye ruzuku za moja kwa moja, kutafuta asasi nyingine, au kubadilisha masharti na kuendelea na asasi ileile.

Kuvunja kungeviacha vikundi bila chochote na kuwaadhibu kwa kusema ukweli. Kurudi moja kwa moja kulikwisha kushindikana. Asasi nyingine ingekuja na mkataba uleule, na kwa maoni yangu ingefika palepale, kwa sababu tatizo lilikuwa kwenye vifungu kabla ya kuwa kwenye tabia ya mtu. Tena asasi hii ilikuwa na hazina moja ambayo fedha hazinunui: afisa wa uwandani aliyejua njia za vijiji vyote, anayejua nani ni shemeji wa nani na kikundi gani kiligombana mwaka gani. Njia ya nne ikachaguliwa, kwa mkataba wa nyongeza uliosomwa kwa Kiswahili mbele ya viongozi wa vikundi vyote kabla ya kusainiwa.

Mabadiliko yenyewe yalikuwa haya. Asasi ililipwa waziwazi gharama zake: mhasibu, maafisa wawili wa uwandani, pango, mafuta ya pikipiki na ukaguzi wa hesabu. Semina za ukumbini zilifutwa isipokuwa moja kwa mwaka, na badala yake maafisa wakaenda kwenye vikundi, siku inayopangwa na kikundi. Ruzuku ndogo zikaanza kuingia kwenye akaunti za vikundi kwa awamu, watia saini watatu, na kila awamu kusomwa kwa sauti kwenye mkutano wa wanachama kabla ya nyingine kutolewa. Mfadhili alikubali kubeba hasara hadi kiwango kilichotajwa, mradi asasi itoe taarifa ndani ya mwezi mmoja tangu kugundua. Kila nusu mwaka vikundi vingekaa bila asasi na kutathmini kazi yake, na muhtasari ungetumwa kwa mfadhili na afisa maendeleo ya jamii.

Kifungu kilichobishaniwa zaidi kilikuwa cha kutoshindana. Kilisema asasi kiongozi haitaomba ruzuku iliyotangazwa kwa ajili ya vikundi vya kijamii, ndani ya kata zile tano, wala kutumia jina au picha ya kikundi kwenye andiko lolote bila ridhaa ya maandishi. Mkurugenzi alipinga kwa nguvu. Hoja yake ilikuwa kwamba asasi inaishi kwa maandiko, na mfadhili huyu akiondoka baada ya miaka mitatu hatawaachia hata kiti. Alikuwa na haki katika hilo, ndiyo maana kifungu hakikuigusa ruzuku kubwa ambayo kikundi hakiwezi kuiomba. Lakini kwenye ruzuku ndogo hakupaswa kushinda, na hakushinda.

Matokeo

Hadi mkataba unaisha, vikundi tisa vilikuwa vinaendesha akaunti zao na kutoa taarifa za fedha ambazo wanachama wa kawaida waliweza kuzieleza. Vitatu viliamua kubaki vya kuweka na kukopa na havikutaka ruzuku. Naona walifanya uamuzi wa busara, maana sanduku lao lilikuwa likifanya kazi vizuri kabla ya mradi, na sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 inavitambua vikundi vya aina hiyo kwa nafasi yao. Viwili vilivunjika, kimoja kwa ugomvi uliokuwapo kabla, kingine kwa sababu viongozi waliokuwa wakifuata posho hawakuonekana tena posho ilipokoma.

Kikundi kimoja kiligawa awamu ya kwanza ya ruzuku kwa wanachama kama mikopo, wakitegemea kurejesha baada ya mavuno. Hawakuiba. Walifanya na fedha kile walichozoea kufanya. Mvua zikawaangusha, sehemu haikurudi. Asasi iliripoti ndani ya muda, mfadhili akabeba hasara, na mkutano wa wanachama ukaamua wenyewe nani alipe nini na kwa muda gani. Chini ya mkataba wa kwanza jambo hili lingefichwa, sina shaka na hilo.

Andiko la pamoja la mwani na BMU halikufaulu mara ya kwanza. Waliomba tena kwa mfadhili mwingine, safari hii mhasibu wa asasi akiwasaidia bajeti kama mshauri, wakapata.

Lililoharibika lilitoka nje. Asasi ilikuwa imeviandaa vikundi vinne kuomba mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 serikali ikasimamisha utoaji wake ili kupanga utaratibu mpya, na mikopo ikarejea 2024. Vikundi vilikuwa vimekwisha kutumia fedha zao kwa nauli, muhuri, picha na kufungua akaunti. Hapakuwa na mpango wa pili.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni kulipa gharama za asasi bila kuzificha. Wafadhili wengi hujivunia kwamba fedha zao zinafika kwa walengwa na haziliwi ofisini. Katika kisa hiki kukataa kulipia ofisi ndiko kulikoifanya ofisi ijilipe kupitia semina, na semina zikala siku za kazi za wanawake wa mwani. Mhasibu alipopata mshahara wake halali, alipata pia muda wa kukaa chini ya mkungu na mweka hazina wa kikundi na kupitia naye daftari ukurasa kwa ukurasa. Ziara za namna hiyo zilifundisha utunzaji wa fedha kuliko ukumbi wowote. Anayetaka asasi ilee wengine akubali kwamba kulea ndiyo kazi yenyewe, ina mshahara wake na mafuta yake.

La pili ni hofu. Kifungu cha kurejesha kila shilingi kilionekana cha kulinda fedha, na kweli hazikupotea. Ila hazikumfundisha mtu chochote, kwa sababu hazikupita mikononi mwake. Kikundi hakijifunzi kutunza fedha za watu kwa kusainia cherehani. Mfadhili alipokubali kubeba sehemu ya hasara, asasi iliacha kuwa mlinzi wa sanduku na ikawa na sababu ya kuripoti tatizo mapema. Ningeshauri kiwango hicho kitajwe kwa tarakimu tangu siku ya kwanza, kwa kuwa ahadi ya mdomo haimtoi mkurugenzi wasiwasi.

Kuhusu kushindana nina msimamo mkali kuliko wenzangu kadhaa. Wapo wanaosema ushindani ni wa kawaida na kikundi kizuri kitashinda. Hakitashinda. Asasi ina mwandishi, ina Kiingereza, ina hesabu zilizokaguliwa, na ina takwimu za kikundi chenyewe ambazo ilizipata kwa kazi iliyolipiwa ya kukiimarisha. Jina la kikundi ni mali yake, na mara nyingi ndiyo mali pekee aliyonayo maskini mbele ya mfadhili. Kifungu cha kutoshindana kiwemo tangu mwanzo, na vikundi vikione.

Tathmini ya vikundi kwa asasi ilifaa, lakini ilikuwa dhaifu mahali pamoja. Kikao cha kwanza kilisifu kila kitu. Watu hawazoei kumsema anayewaletea fedha, na wengine waliona ni utovu wa adabu kwa mkurugenzi aliyewazika wazazi wao. Mambo yalibadilika afisa maendeleo ya jamii alipoacha kuuliza asasi ina ubaya gani, akauliza nini kifanywe tofauti kipindi kijacho. Hapo bamvua ikatajwa kwa mara ya kwanza katika muhtasari wowote. Ubaya ni kwamba njia nzima ilimtegemea afisa mmoja, naye alihamishwa kabla ya mkataba kwisha. Aliyekuja baada yake alihitaji nusu mwaka kuzoea, na tathmini moja haikufanyika.

Vigezo vya kupima havikubadilika vya kutosha. Mfadhili aliondoa idadi ya waliofunzwa, lakini aliendelea kuhesabu vikundi vyenye akaunti benki kana kwamba vyote vinaihitaji. Kwa vikundi vitatu vya sanduku, akaunti ilikuwa makato ya kila mwezi na nauli ya kwenda mjini. Afisa wa uwandani alivitetea na vikaachwa, ila kwenye ripoti ya mwisho vimeandikwa kama havikufikia lengo. Hilo si haki, na nililiandika hivyo.

Watu wenye ulemavu walipata faida ndogo kuliko wote. Ukumbi ulihamishiwa chini na mkalimani alilipiwa kwa semina ya mwaka, lakini ziara za vijijini hazikuwa na bajeti ya mkalimani, kwa hiyo wale wanachama wawili viziwi waliendelea kuelezwa mambo baada ya kikao, kwa ufupi, na ndugu zao. Mkataba wa nyongeza ungeweza kulirekebisha kwa fedha kidogo sana. Lilipita bila kuwekwa kwenye bajeti kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mezani tulipoandika.

Mfadhili ameondoka. Asasi imempoteza afisa mmoja wa uwandani na imebaki na mwingine kwa nusu mshahara. Vikundi vinne vimekubaliana kuchanga nauli ili mhasibu aje kupitia vitabu vyao kabla ya mkutano mkuu wa mwaka, na kimojawapo ni kile cha mama aliyerudisha kamba. Nilipoandika haya, vingine vitano vyenye akaunti vilikuwa havijapanga lolote, na mwaka wao wa kwanza bila mlezi ulikuwa haujaisha.